Upepo wa Juu na Gari la Nesi Namkunda

Upepo wa juu hautokei mlango wa chini.

Msemo huu haukuletwa na wahenga wa ndevu nyeupe. Ulizaliwa gereji, mchana kweupe, ukiwa na grisi hadi masikioni. Asili yake ni hii, kama alivyoisimulia Mzee Kajiru wa Usangi siku ile vijana wa timu ya kijiji walipokusanyika kwenye gereji yake ya zamani kumfukuza golikipa.

Gereji yenyewe siku hizi haitengenezi kitu. Imejaa nyavu za magoli, mipira miwili yenye viraka na magunia ya maharage. Vijana walikaa juu ya matairi yaliyokwisha. Timu ilikuwa imefungwa mechi nne mfululizo, na Mbazi, nahodha wao, ambaye pia ni mjukuu wa mzee, alikwisha kuwabadilisha makipa watatu. Sasa alikuwa anamwangalia wa nne, Chonge, kama watu wanavyomwangalia jogoo siku ya kuamkia Krismasi.

"Chonge, usichukie," alisema. "Ni kwa maslahi ya timu."

Mzee alikuwa kwenye kona anachambua skrubu katika kopo la maziwa ya unga. Hakuinua hata macho. "Upepo wa juu hautokei mlango wa chini," akasema, kisha akaendelea na skrubu zake.

Vijana wakatazamana. Nietiwe, dada yake Mbazi, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za timu kwenye daftari, akaweka kalamu sikioni. "Babu, ukitupa fumbo, tupe na ufunguo. Huo upepo ni wa wapi, na huo mlango ni wa nani?"

"Mlango ni wa gari," mzee akajibu, akalifunika kopo. "Kaeni vizuri. Na wewe Chonge, usiondoke. Bado hujafukuzwa."

Zamani hapa Usangi, akaanza, palikuwa na fundi mmoja wa magari, kijana mtanashati, mwenye kifua...

"Ulikuwa wewe," Nietiwe akasema.

"Nimesema alikuwa mtanashati. Nimetaja jina?"

Basi, Fundi huyo alifundishwa kazi na mzee mmoja wa kizamani ambaye hakutupa kitu. Kila kilichoharibika alikifungua, akakisafisha, akabadilisha mpira au skrubu, akakirudisha. Lakini Fundi alikwenda Moshi miezi sita, akarudi na ovaroli safi na msemo mpya: "Siku hizi hatushoni viraka, tunabadilisha." Alikuwa anausema hata mtu akimletea tochi.

Jumatatu moja, Nesi Namkunda aliingiza gari lake gerejini. Nesi Namkunda ndiye aliyekuwa mkunga wa zahanati, mwanamke mrefu, mwenye sauti ndogo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuibishia. Gari lilikuwa la marehemu mumewe, lina rangi ya maziwa yaliyolala, na lilikuwa na umri wa kuoa. Ndilo lililokuwa likiwashusha akina mama wajawazito kutoka mlimani hadi hospitali ya bondeni. Siku hiyo gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linafuka moshi. Ukifunga breki, gari linavuta kushoto kama mbuzi aliyeona shamba la jirani.

Fundi aliinama, akanusa, akasema, "Kalipa."

Kalipa, kwa nyinyi ambao hamjawahi kulala chini ya gari, ni mkono wa chuma unaoishika diski ya gurudumu na kuiminya, gari lisimame. Ndani yake mna pistoni, kama kikopo kidogo cha chuma, inayosukumwa na mafuta ya breki. Uchafu na kutu vikiingia, pistoni inagoma kurudi. Mkono unashika na hauachii, kama mgeni aliyekukamata kiganja huku anakueleza ukoo wake wote.

Nesi Namkunda alifungua mkoba, akatoa kifurushi kidogo kilichofungwa vizuri. Ndani mlikuwa na mipira ya mviringo, minne. "Marehemu aliniachia hii. Alisema kalipa zikianza kubana, zifunguliwe, zisafishwe, zitiwe mipira mipya."

Fundi alikishika kile kifurushi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya. "Nesi, marehemu alikuwa mtu mwema sana. Lakini siku hizi hatushoni viraka. Kalipa hizi zimekufa, zote mbili. Naagiza mpya Moshi."

"Hujazifungua hata kuziangalia."

"Fundi anaona bila kufungua. Kwani wewe unapasua tumbo ndiyo ujue mtoto amekaaje?"

"Sipasui," Nesi akasema kwa ile sauti yake. "Lakini huwa napapasa kwanza. Na kwa kuwa umegusia, mkeo nilimpapasa jana. Mtoto bado hajageuka. Kichwa kiko juu, matako chini. Daktari wa bondeni anamtaka Ijumaa asubuhi, siyo Jumamosi. Basi lenyewe unalijua, linarusha watu kama mahindi kwenye kikaango. Tutamshusha na gari hili."

Kicheko cha Fundi kilikatika. Huyo ndiye aliyekuwa mtoto wao wa kwanza, waliyemngoja miaka sita.

"Ijumaa gari litakuwa tayari," akasema. "Breki zake zitasimamisha hata mteremko wenyewe."

Kalipa mpya zilifika Jumatano asubuhi kwa basi, kila moja ndani ya boksi lake, zinang'aa kama sahani za harusi. Maboksi yalikuwa na maandishi ubavuni. Fundi aliyachana bila kuyasoma, kwa sababu kusoma maboksi, alivyoona yeye, ni kazi ya mwanafunzi. Akazifungua zile kuukuu, akazitupa mlangoni, kwaaa!

Sasa, ng'ambo ya barabara alikuwepo Ndelilio, fundi viatu, Mchaga wa Marangu aliyeoa huku kwetu Upare. Mnajua habari za Mpare na Mchaga: ni watani. Mtani anaweza kukwambia neno ambalo ndugu yako akilisema mnaitishiwa kikao. Na mtani akichukua kitu chako hajakuibia. Kachukua kwa haki, na ukikitaka unakikomboa. Ndelilio aliposikia lile kwaaa, alivuka barabara, akazibeba zile kalipa kuukuu, moja kila mkono.

"Mangi, unakwenda kuziuza kwa kilo?" Fundi akamwuliza, akimtania kwa cheo cha machifu wa Uchagani. "Si ndiyo kazi yenu?"

"Nenda kanishtaki mahakamani," Ndelilio akajibu bila kugeuka. "Si ndiyo kazi yenu? Uza na ng'ombe, uweke na wakili."

Hakuziuza. Alizipanga juu ya meza yake, akawa anazitumia kugandamizia soli zilizopakwa gundi. Zilikuwa nzito, tena zina kijibonde kizuri kinachokaa sawasawa juu ya kisigino. Siku ile na kesho yake alishinda akiziinua na kuziweka, ya kushoto juu ya kiatu cha kushoto, ya kulia juu ya kiatu cha kulia, maana fundi viatu hana namna nyingine ya kupanga dunia.

Huku Fundi akafunga zile mpya. Zikaingia bila ubishi, boliti zikakaa kwenye matundu yake. Mipira ya kupeleka mafuta ndiyo iliyojikunja kidogo, kama shingo ya mtu anayechungulia. "Mtazoea," Fundi akaiambia.

Ikabaki kutoa upepo. Ukiifungua breki, upepo unaingia, na breki yenye upepo ni sawa na ahadi ya mwanasiasa: unaikanyaga, inakubali kila kitu, na gari halisimami. Kwa hiyo mtu mmoja anakaa ndani anakanyaga pedali. Fundi yuko chini, analegeza kiskrubu kidogo kwenye kalipa. Upepo unatoka pamoja na mafuta, povupovu, hadi yatoke mafuta matupu. Hapo pedali inakuwa ngumu, na kazi imekwisha.

Fundi alimwita jirani yake Chediel, mchomelea vyuma, akamweka ndani ya gari.

"Kanyaga!" Chediel akakanyaga. Fundi akalegeza skrubu, yakatoka mafuta safi, hakuna hata povu. Akakaza. "Haya, jaribu."

"Inazama," Chediel akasema. "Mguu umefika sakafuni. Laini kama andazi bichi."

Wakarudia. Mafuta safi, pedali laini. Wakarudia mara saba. Mara ya nane Fundi akatoka chini ya gari, jasho limemchora usoni. "Chediel, tatizo ni wewe. Unakanyaga kama unaua mende! Kanyaga kama mwanamume."

Chediel alishuka, akapangusa mikono ingawa haikuwa michafu. "Mimi nina geti la watu linaningoja," akasema, akaenda zake.

Fundi akamwita Mama Kiangi, muuza chai. Mama Kiangi akaacha birika, akaingia, akakanyaga kwa moyo wake wote. Pedali ikazama.

"Mama, unakanyaga kama unakanda ngano!"

"Ngano ndiyo inayokulisha wewe asubuhi," Mama Kiangi akamwambia. Akashuka, na kesho yake chai ya Fundi ikaja bila sukari.

Jioni ile Fundi alimwaga mafuta ya breki yote, akasema ni mabovu, akatia mengine. Alhamisi asubuhi alibadilisha mpira wa mafuta uliokuwa mzima kabisa. Kila kilicho chini alikilaumu, akakibadilisha, na kila alipokibadilisha pedali ilizama vilevile. Halafu, katika kufungua na kukaza na kufungua na kukaza, ile skrubu ya kalipa mpya ya kulia ikasema *tik*, kichwa kikabaki ndani ya spana.

Alikiangalia kile kichwa muda mrefu. Moshi hakukuwa na kalipa nyingine; zile zilikuwa za mwisho dukani. Akakitia mfukoni, asikione mtu. Upande wa kushoto ulikuwa bado una skrubu, akaendelea na huo.

Saa nne akafika Nesi Namkunda mwenyewe kuulizia gari lake.

"Nesi, hebu nikanyagie kidogo," Fundi akasema.

Nesi akakanyaga. Pedali ikazama. Fundi akafungua mdomo, akakumbuka anayezungumza naye ni nani, akatafuta neno la adabu. "Labda ni viatu vyako, Nesi. Soli nene. Mguu hausikii breki."

Nesi Namkunda akaviangalia viatu vyake. Alishuka, akavuka barabara taratibu, akasimama mbele ya meza ya Ndelilio. "Ndelilio, soli ulizonitia mwezi uliopita zinazuia gari langu lisifunge breki. Fundi ndiye amesema."

Kumchokoza Mchaga katika kazi yake ni kumpiga ngumi tumboni. Ndelilio aliitua nyundo, akavuka barabara na chupa yake ya mafuta ya kulainishia ngozi bado iko mkononi, akachuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto. Akaangalia. Akaenda la kulia, akaangalia. Akarudi la kushoto. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha polepole, kile cha mtu anayekula embe bivu.

"Mpare," akasema. "Soli zangu ni nzima. Wewe ndiye uliyelivisha gari hili kiatu cha kushoto mguu wa kulia."

"Rudi kwenye gundi, Mangi. Hapa panaongewa mambo ya mafundi."

"Vyuma vyako nimeishi navyo siku mbili. Nimevilalisha, nimeviinua. Kila kimoja, ukikisimamisha kama kilivyokaa kwenye gari, hiki kidude cha kufungulia kiko juu, utosini. Hizi zako mpya kiko wapi?"

Fundi hakuhitaji kuangalia. Siku mbili alikuwa amelala chali chini ya vile vidude. Lakini Mpare kushindwa kwa hoja, tena na Mchaga, tena wa viatu! Alihisi masikio yanapata moto. Ndani yake kulikuwa na majibu matatu tayari, yote yamevaa koti na tai.

"Juu, chini, skrubu ni skrubu," akasema. "Mafuta yanatoka. Si unayaona?"

Ndelilio hakubishana. Aliinua ile chupa yake, nusu mafuta, nusu tupu. Akaigeuza kichwa chini. "Upepo uko wapi?"

"Juu."

Ndelilio akaigeuza tena. "Sasa hivi?"

"Juu."

"Nikitoboa hapa chini, kitatoka nini?"

Chediel alikuwa amezima mashine ya kuchomelea. Mama Kiangi alikuwa ameshika birika hewani, hamimini. Fundi akatazama ile chupa, povu limekaa juu kabisa limetulia kama chifu, halina habari na mtu anayefungua mlango wa chini. Angeweza bado kushinda ubishi ule. Angeweza kusema magari ya aina hii yametengenezwa hivyo, na nani pale angejua? Lakini ile hoja ilipofika ulimini, alimwona mkewe nyumbani, asubuhi ile, anakunja vishali vidogo na kuvifungua, anavikunja tena.

Nesi Namkunda aliuliza kwa sauti yake ileile ndogo. "Fundi, kesho utampandisha mkeo humu?"

Fundi aliingiza mkono mfukoni, akatoa kile kichwa cha skrubu, akakiweka juu ya boneti mbele ya wote.

"Nimekosea," akasema. "Nimezifunga kushoto kulia, kulia kushoto. Upepo wote uko juu, mimi nafungua chini. Ningezigeuza sasa hivi, lakini hii moja nimeivunja. Chediel hakuwa na kosa. Mama Kiangi hakuwa na kosa. Hata viatu vya Nesi." Akamgeukia mtani wake. "Mangi, nipe kalipa zangu kuukuu."

"Zako?" Ndelilio akashangaa kwelikweli. "Mimi nina vyuma vyangu vya kugandamizia soli. Ukivitaka, vikomboe."

"Kwa kitu gani?"

"Sitaki fedha, usije ukasema Wachaga tunapenda fedha. Sema mbele ya mashahidi watatu: Mchaga ameona, Mpare hakuona."

Fundi akainamia boneti. "Mchaga ameona," akanong'ona, "Mpare hakuona."

"Sauti!"

"Mchaga ameona, Mpare hakuona!" Mbwa wa shule akabweka. Mama Kiangi akamimina chai, akatia sukari vijiko vitatu.

"Babu," Mbazi akadakia, "umejuaje kwamba hoja ilifika ulimini? Hayo ni mambo ya ndani ya mtu."

"Fundi mwenyewe aliniambia. Usinikatize."

Mchana ule Fundi alifanya kazi kama alivyofundishwa zamani. Alizilaza kalipa kuukuu juu ya gunia safi, akatoa pistoni moja, akaipangusa, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa laini, inang'aa, haina hata tundu la sindano. Kutu ilikuwa mdomoni tu, pale mpira wa kuzuia vumbi ulipochanika. Ya pili ilikuwa vilevile. Kitu alichokitangaza kimekufa kilikuwa kimekwamishwa na taka za mlangoni. Akaondoa kutu kwenye vifereji, akaosha kwa mafuta ya breki, akafungua kile kifurushi cha marehemu. Alikivuta kila kimpira, akakitazama kama kina ufa. Vilikuwa bado laini. Akavitia, akairudisha pistoni kwa kuisukuma na kidole gumba, ikazama polepole, bila kukwaruza, kama kijiko ndani ya asali.

Akafunga kushoto kushoto, kulia kulia. Akazikagua mara tatu. Kisha akaenda kwa Chediel, akasimama mlangoni.

"Njoo unikanyagie."

"Kama ninaua mende?"

"Kanyaga unavyojua wewe."

Chediel akakanyaga. Fundi akalegeza skrubu ya juu, na upepo ukatoka unakoroma, povupovu, siku mbili za kiburi zikamwagika ndani ya kopo. Wakarudia mara nne. Mara ya tano Chediel akapiga kelele, "Imegoma! Ngumu kama jiwe la mlangoni!"

Jua lilikuwa bado liko juu ya mlima Kindoroko. Nesi na Fundi walilitoa gari peke yao, wakalishusha kwenye mteremko wa shule, wakalifunga breki, wakalipandisha, wakalishusha tena, hadi Nesi alipotosheka. Na Nesi hatosheki upesi.

Ijumaa asubuhi waliteremka. Nesi yuko kwenye usukani, mke wa Fundi amejilaza nyuma juu ya mito miwili, na Fundi yuko pembeni, mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu kila wanapofika kwenye kona. Njiani Nesi alitaka kuelezwa vizuri, tangu mwanzo, kitu gani hasa kilitokea. Fundi akaeleza yote: chupa, povu, watu watatu aliowafukuza kwenye pedali.

Nesi akafikiri kona nzima. Halafu akasema, "Basi, Fundi, upepo wa juu hautokei mlango wa chini."

Mke wa Fundi alicheka hadi akashika tumbo. "Nesi, rudia," akasema. "Rudia aukariri. Huyu nyumbani huwa analaumu hadi chumvi." Na kwenye ile kona kali ya mwisho, ambako ukitazama chini unaona paa za mji wa Mwanga, Nesi aligusa breki. Gari likapunguza mwendo taratibu, halikuvuta kushoto wala kulia, kama mtu mzima anayekaa kitini.

Mchana ule mtoto alizaliwa kwa upasuaji, msichana, mzima, mwenye sauti ya honi. Ndelilio alidai kwa haki ya utani aitwe Kalipa. Walimkatalia. Wakamwita Namsifu.

Nietiwe akainua kichwa ghafla. "Mama?"

"Mama yenu," mzee akasema. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati. Kisha akairudisha. "Msije mkaenda kutangaza babu kasema vipya ni vibaya. Zile kalipa mpya hazikuwa na kosa hata moja. Na kuna kuukuu ambazo pistoni imeliwa na kutu. Hizo utaosha hadi jioni na bado ni za kutupa. Lakini kwanza fungua uone. Na ukiona umebadilisha hiki, ukabadilisha kile, na pedali bado inazama, acha kuwafukuza wakanyagaji. Tazama upepo umekaa wapi."

Msemo ulishuka na gari, ukapanda na gari. Nesi aliutumia kwenye mkutano wa kijiji, siku walipotaka kumfukuza mjumbe wa tatu ilhali mwenyekiti ndiye aliyekuwa hafiki. Ndelilio akaupeleka mnadani. Tangu hapo haujarudi gerejini.

Chonge alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Nietiwe alifungua daftari la timu, akapitisha kalamu kwenye kurasa.

"Tumefungwa mabao kumi na moja," akasema kwa upole, upole unaofanana sana na wa nesi mmoja. "Kwa makipa wanne tofauti. Tisa yamepita katikati."

Hakuna aliyeuliza katikati anacheza nani. Mbazi alilichukua daftari, akasoma mstari kwa mstari, masikio yake yanabadilika rangi. Mzee alikuwa amelifunua tena kopo lake, anachambua skrubu kama mtu asiye na habari.

"Babu," Mbazi akasema. "Yule fundi alisema mbele ya mashahidi wangapi?"

"Watatu tu. Wewe una kumi. Bahati yako."

Mbazi akasimama juu ya tairi, likamyumbisha, akashuka. "Chonge, glavu ni zako," akasema. "Mimi napanda kufunga, sirudi. Katikati ninaacha wazi."

"Sauti!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma ya magunia.

"Ninaacha katikati wazi! Kesho acheze mwingine, mimi nitakaa benchi nione."

Chonge akazivaa glavu palepale, ingawa hapakuwa na mpira. Nietiwe akaandika jambo hilo kwenye daftari, akaweka tarehe, akafunga.

"Upepo wa juu," akasema.

Wakamalizia wote, Mbazi akiwa wa kwanza: "Hautokei mlango wa chini."